Tegu wa mbwa: safari ya mnyoo kutoka ini la mbuzi hadi mwili wa binadamu

MBUZI anapochinjwa nyumbani Machakos, iwe ni kwa sherehe ya ntheo, kwa matanga au kwa sikukuu ya Krismasi, mbwa wa boma huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hulala hatua chache kutoka kwa mchinjaji, macho yake yakifuata kila mkato wa kisu.

Mchinjaji akipasua tumbo na kukuta ini lina uvimbe mweupe uliojaa maji, hukata sehemu hiyo na kuitupa pembeni. Mbwa huidaka mara moja. Wenye boma huridhika kwamba kilichokuwa kibaya kimeondolewa na kwamba kilichobaki ni nyama safi.

Kwa kitendo hicho, ambacho hufanywa bila nia yoyote mbaya, huenda wamemfungulia mlango mmoja wa minyoo wenye hila nyingi miongoni mwa wale wanaoishi kati ya mbwa, mifugo na watu. Uvimbe ule haukuwa uchafu tu. Ulikuwa kitalu cha maelfu ya vichwa vya tegu, na tumbo la mbwa ndilo shamba lililokuwa likisubiriwa.

Mnyoo huyo huitwa na wanasayansi Echinococcus granulosus. Ugonjwa anaouleta kwa binadamu na mifugo hujulikana kama haidatidi, yaani ugonjwa wa vifuko vya maji. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 1 duniani wanaishi na magonjwa yanayoletwa na jamii hii ya tegu wakati wowote ule.

Kenya si mgeni wa ugonjwa huu. Kaunti ya Turkana ni miongoni mwa mahali palipotajwa zaidi duniani katika utafiti wa haidatidi. Lakini mazingira yanayoulea, yaani mbwa wanaozurura, mifugo inayochinjwa bila ukaguzi na viungo vibovu vinavyotupwa ovyo, yanapatikana pia katika vijiji vya Mwala, Yatta, Masinga, Kathiani na kwingineko Ukambani. Ndiyo sababu inafaa kila mfugaji aujue mzunguko wa maisha ya mnyoo huyu, kwani asiyejua mahali mnyororo unapoungana hawezi kujua mahali pa kuukata.

Mfupi kuliko punje ya mchele

Watu wengi wakisikia neno tegu hufikiria mnyoo mrefu kama utepe, unaoweza kufikia mita kadhaa. Tegu huyu ni tofauti. Akiwa mzima ana urefu wa milimita 2 hadi 7 pekee. Mwili wake una kichwa na pingili tatu au nne, basi.

Kichwani ana vinyonyaji vinne na duara la ndoano ndogo ambazo hujishikiza nazo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba wa mbwa. Humo hula chakula kilichokwisha kusagwa na tumbo la mwenyeji wake. Kwa kuwa ni mdogo mno, mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu ya minyoo hao bila kukonda, bila kuharisha na bila kuonyesha dalili yoyote. Anaendelea kubweka usiku, kuchunga mbuzi na kucheza na watoto kama kawaida.

Hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Kichaa cha mbwa hujitangaza: mbwa hubadilika tabia, hung'ata na hatimaye hufa. Mbwa mwenye tegu huyu hajitangazi. Hata mwenye macho makali hawezi kuwaona minyoo hao katika kinyesi kwa urahisi, na mayai yao yakiangaliwa kwa darubini hayatofautiki na mayai ya aina nyingine za tegu wa mbwa.

Pingili ya mwisho ya mnyoo ndiyo ghala la mayai. Ikikomaa hubeba mayai mamia kadhaa, kisha hukatika na kutoka na kinyesi cha mbwa. Pingili nyingine huanza kukomaa mahali pake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mbwa akiwa na minyoo 1,000, na kila mmoja akidondosha pingili moja yenye mayai 300, mbwa huyo mmoja atakuwa amesambaza mayai 300,000 kwa awamu moja pekee. Na awamu hizo hurudiwa kwa miezi kadhaa, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka.

Yai linavyosafiri

Yai la tegu halionekani kwa macho. Limezungukwa na gamba gumu linaloliwezesha kustahimili mengi. Katika udongo wenye unyevu na baridi linaweza kuishi kwa miezi mingi, hata karibu mwaka mzima. Dawa nyingi za kawaida za kuulia viini haziliui. Adui zake wakubwa ni joto kali na ukavu.

Jambo hili lina maana kwa Machakos. Chini ya jua la Yatta na Masinga wakati wa kiangazi, mayai yaliyo wazi hufa upesi. Lakini kwenye miteremko yenye ubaridi ya milima ya Iveti na Mua, kando ya visima na mito, ndani ya vivuli vya nyumba na katika majani wakati wa mvua za vuli, yai hupata hifadhi ya kutosha.

Kutoka kwenye kinyesi, mvua huyasukuma mayai hadi kwenye malisho na vidimbwi. Nzi huyabeba, nazo nyayo za watu na wanyama huyatawanya. Mbwa mwenyewe huyabeba: anapojilamba sehemu ya nyuma, mayai hubaki kwenye ulimi na pua, na akijilamba mwili huyapaka kwenye manyoya yake.

Kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia au nguruwe anapokula majani au kunywa maji yenye mayai hayo, gamba huyeyushwa tumboni. Kiluwiluwi kidogo chenye ndoano sita hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Damu yote inayotoka matumboni hupitia kwanza kwenye ini. Ini hufanya kazi kama chujio, na hapo ndipo viluwiluwi vingi hunaswa. Vinavyopenya huendelea hadi kwenye mapafu, chujio la pili. Vichache hufaulu kupita hapo pia na kufika katika wengu, figo, moyo, mifupa au ubongo. Ndiyo maana ini na mapafu ndivyo viungo ambavyo mchinjaji hukuta na vifuko mara nyingi zaidi.

Kifuko kinachokua kimya

Kiluwiluwi kikishatua hubadilika kuwa kifuko cha maji. Kifuko hicho kina ukuta wenye tabaka mbili za mnyoo mwenyewe: ya nje ni nyeupe na nyororo kama utando wa yai lililochemshwa, na ya ndani ni nyembamba mno, nayo ndiyo inayozaa. Mwili wa mnyama nao hujenga ukuta wa tatu kukizunguka, kana kwamba unajaribu kukifungia nje.

Tabaka ya ndani huota vijifuko vidogo, na ndani ya kila kijifuko huota vichwa vya tegu, kila kimoja kikiwa na vinyonyaji na ndoano zake tayari. Vichwa hivyo vikidondoka hutua chini ya kifuko kama mchanga mweupe. Ukikipasua kifuko cha kondoo mzee na kumimina maji yake katika bakuli, utauona mchanga huo kwa macho. Kila chembe yake ni tegu anayesubiri.

Anasubiri nini? Anasubiri mbwa. Vichwa hivyo haviwezi kukomaa ndani ya kondoo hata akiishi miaka mingi. Ni lazima kondoo afe na ini au pafu lake liingie tumboni mwa mbwa au mnyama wa jamii yake. Hapo kila kichwa hujichomoza, hujishikiza kwenye utumbo, na baada ya wiki sita hivi huwa tegu kamili mwenye mayai. Mzunguko umetimia.

Ukweli huu ulithibitishwa zamani. Katika miaka ya 1850 mwanasayansi Mjerumani, Carl von Siebold, aliwalisha mbwa vifuko vya mifugo, na baadaye akakuta tegu wazima ndani ya matumbo yao. Mwaka 1863 Bernhard Naunyn alifanya hivyo kwa vifuko vilivyotolewa kwa binadamu, naye akapata matokeo yale yale. Hivyo ikajulikana kwamba uvimbe wa mtu, uvimbe wa kondoo na tegu wa mbwa ni mnyoo mmoja katika hatua tofauti za maisha yake.

Si kila kifuko kina uwezo sawa. Katika kondoo vifuko vingi huwa na vichwa hai, ilhali katika ng'ombe vingi huwa tasa. Kwa sababu hiyo, katika sehemu nyingi za dunia uhusiano kati ya mbwa na kondoo ndio injini inayouendesha ugonjwa huu.

Binadamu huingia kwa bahati mbaya

Binadamu hana nafasi ya lazima katika mpango wa mnyoo huyu. Huingia kwa ajali, kwa kumeza yai lililokusudiwa kondoo. Mtoto hucheza na mbwa kisha hula bila kunawa. Mama hupalilia bustani na kuonja nyanya palepale. Mchungaji hunywa maji ya kidimbwi ambacho mbwa wake pia hukinywea.

Kuna dhana moja ambayo inafaa kusahihishwa. Wengi huamini kwamba mtu hupata ugonjwa huu kwa kula ini lenye vifuko. Si hivyo. Vichwa vya tegu vilivyomo ndani ya ini huwa hatari vinapoliwa na mbwa. Mtu huambukizwa na mayai, na mayai hutoka kwa mbwa pekee, si kwa nyama. Anayelikata ini bovu, akalitupa kwa mbwa na kujisifu kwamba ameilinda familia yake, ameikinga dhidi ya kisichoidhuru na kuisogezea kinachoidhuru.

Ndani ya mwili wa mtu, kifuko hukua polepole. Miaka 5, 10 au hata zaidi inaweza kupita bila maumivu. Mtu aliyemeza yai akiwa mtoto huenda akagundua akiwa mzazi. Kifuko kikiwa kikubwa huanza kubana: maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa, kichefuchefu au macho kuwa ya manjano kama kiko kwenye ini, kikohozi, maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi kama kiko kwenye mapafu.

Hatari kubwa zaidi ni kifuko kupasuka, kwa mfano mtu anapoanguka au kugongwa tumboni. Maji yaliyomo yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kuleta mshtuko mkali wa mzio unaoweza kuua kwa muda mfupi. Na mgonjwa akinusurika, ule mchanga wa vichwa vya tegu huweza kuotesha vifuko vipya kila ulipotapakaa.

Somo kutoka Turkana

Mnamo mwaka 1982, watafiti walichapisha takwimu zilizoushangaza ulimwengu wa tiba. Kaskazini-magharibi mwa Turkana, wagonjwa wapya wapatao 220 kati ya kila watu 100,000 walikuwa wakipatikana kila mwaka. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa pameripotiwa kiwango kikubwa kama hicho.

Swali lilikuwa: inawezekanaje katika nchi yenye jua kali na ukavu, ambako mayai yalitarajiwa kufa haraka? Jibu lilipatikana katika maisha ya kila siku. Mayai yaliyoachwa juani yalikufa kweli, lakini yale yaliyokuwa ndani ya vibanda na karibu na maji yaliishi muda mrefu zaidi. Mbwa walikuwa wengi na waliishi na watu chini ya paa moja. Katika mazingira yenye uhaba mkubwa wa maji, mbwa walitumiwa hata kuwasafisha watoto wachanga kwa kuwalamba. Wanawake, ambao hukaa karibu zaidi na watoto, mbwa na vibanda, walipatikana na ugonjwa huu kuliko wanaume.

Shirika la AMREF, ambalo lilianzishwa Nairobi mwaka 1957 na linalofahamika kwa madaktari wake wanaotumia ndege, liliendesha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo Turkana kuanzia miaka ya 1980. Wagonjwa walipasuliwa, mbwa walipewa dawa ya minyoo, mbwa wasio na wenyewe walipunguzwa na wananchi wakaelimishwa. Mashine za altrasaundi, ambazo huonyesha ndani ya mwili kwa kutumia mawimbi ya sauti, zilipelekwa vijijini na watu wakapimwa chini ya miti. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake duniani, na mengi yaliyofunzwa huko hutumiwa leo na madaktari wa nchi nyingine.

Uchunguzi uliofanywa miongo kadhaa baadaye ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi kilikuwa kimeshuka, ingawa ugonjwa haukuwa umekwisha. Somo ni kwamba mnyoo huyu anaweza kurudishwa nyuma, lakini hachoki upesi kama binadamu wanavyochoka kumpiga vita.

Machakos inasimama wapi?

Machakos si Turkana, na si haki kuwatia wakazi wake hofu isiyo na msingi. Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo hayafai kupuuzwa.

La kwanza ni mbwa wenyewe. Uchunguzi kuhusu mbwa wa Machakos, uliochapishwa mwaka 2001 kwa lengo la kusaidia vita dhidi ya kichaa cha mbwa, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba vijijini zilikuwa na mbwa, na kwamba nusu hivi ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba mbwa hufa mapema na wengine huchukua mahali pao haraka. Anayempa mbwa wake dawa mara moja na kusahau, atakuta baada ya muda mfupi kwamba bomani kuna mbwa mwingine ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote.

La pili ni biashara ya mifugo. Kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya (KMC), kilichoanzishwa mwaka 1950, kiko Athi River, ndani ya kaunti hii. Mifugo kutoka maeneo ya wafugaji wanaohamahama hupita au hufikia hapa na katika vichinjio vya jirani. Katika kichinjio chenye mkaguzi, ini lenye vifuko hukataliwa na kuharibiwa. Swali ni kuhusu vichinjio vidogo vya masoko ya mashambani. Je, vina ua usiopitika na mbwa? Je, vina shimo lenye mfuniko la kutupia viungo vilivyokataliwa? Pale ambapo jibu ni la, kazi ya mkaguzi huishia mdomoni mwa mbwa anayesubiri nyuma ya banda.

La tatu ni uchinjaji wa nyumbani. Katika sherehe nyingi za kijijini hakuna mkaguzi wa nyama. Mwamuzi ni mwenye kisu. Ikiwa hajui maana ya kifuko anachokiona, hakuna mwingine wa kumzuia.

Mchinjaji asichanganye pia mambo. Mara nyingi katika mbuzi huonekana kifuko laini cha maji kinachoning'inia kwenye utando wa mafuta ya tumbo. Mara nyingi hicho ni hatua ya tegu mwingine wa mbwa, ambaye hajulikani kuwa tishio kwa binadamu. Naye kondoo anayezunguka mahali pamoja akiinamisha kichwa upande mmoja huenda ana kifuko cha tegu wa tatu ubongoni. Wote watatu huishi kwa njia moja: kutoka kwa mbwa hadi kwa mfugo na kutoka kwa mfugo hadi kwa mbwa. Kwa hiyo si lazima mwanakijiji awe mtaalamu wa kuwatofautisha. Kanuni moja huwashinda wote.

Mahali pa kukata mnyororo

Kanuni hiyo ni: mbwa asile ini, mapafu wala kiungo chochote kibichi cha mfugo. Viungo vyenye vifuko vichomwe moto au vizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Anayetaka kumlisha mbwa wake matumbo na mapafu ayakate vipande vidogo na kuyachemsha kwa zaidi ya nusu saa. Mfugo unaokufa malishoni nao uzikwe au uchomwe, usiachiwe mbwa na mbweha.

Pili ni dawa. Prazikwanteli huua tegu huyu ndani ya mbwa kwa dozi moja inayopimwa kulingana na uzito. Kwa kuwa mnyoo huchukua wiki sita hivi kukomaa, mbwa akipewa dawa kila baada ya wiki sita hapati nafasi ya kutoa mayai. Asiyemudu hivyo angalau ampe mara nne kwa mwaka, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Dawa huua minyoo lakini haiui mayai. Kwa hiyo mbwa afungwe kwa siku mbili baada ya kupewa dawa, na kinyesi chake kichomwe au kizikwe.

Tatu ni usafi: kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa, kuosha mboga na matunda, kuchemsha maji ya kunywa, kuzuia mbwa kuingia bustanini na kutomruhusu alambe nyuso za watoto au vyombo vya jikoni.

Kuna pia chanjo ya kondoo na mbuzi, inayojulikana kama EG95, iliyobuniwa na wanasayansi wa Australia na New Zealand. Majaribio yameonyesha kwamba huwakinga wanyama kwa zaidi ya asilimia 95. Haimtibu mnyama aliyekwisha kupata vifuko, bali huwakinga wale wachanga.

Kwamba kazi hii inawezekana si ndoto. Katika kisiwa cha Iceland, mwanasayansi wa Denmark, Harald Krabbe, alichunguza mbwa 100 katika miaka ya 1860 na kukuta 28 kati yao wakiwa na tegu huyu. Mwaka 1864 kijitabu chake kilichowaeleza wananchi mzunguko wa mnyoo huyo kilisambazwa kote kisiwani. Watu walisoma, wakaacha kuwatupia mbwa viungo vibovu, na ugonjwa ukafifia hadi ukatoweka. New Zealand nayo, baada ya miongo mingi ya kampeni, ilijitangaza mwaka 2002 kuwa huru kwa muda kutokana na ugonjwa huo.

Matibabu na wajibu

Kwa mgonjwa, hatua ya kwanza ni kupimwa kwa altrasaundi kama uvimbe uko tumboni, au kwa eksirei kama uko kifuani. Picha humwonyesha daktari kama kifuko ki hai, kinaelekea kufa au kimekwisha kufa. Kwa kutegemea hali hiyo na ukubwa wake, mgonjwa hupewa vidonge vya albendazoli kwa miezi kadhaa, hupasuliwa, hufyonzwa maji ya kifuko kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi, au hufuatiliwa tu bila kuguswa. Uvimbe wa aina hii usidungwe wala kukandwa na mtu asiye na ujuzi, kwani umeshaelezwa upasukapo huleta nini.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na katika ugonjwa huu kinga ni nafuu mno kuliko upasuaji. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti huduma za mifugo, vichinjio na hata utoaji wa leseni za mbwa. Vilevile, Machakos ni miongoni mwa kaunti tano zilizoteuliwa kuanza utekelezaji wa mpango wa kitaifa wa mwaka 2014 wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Siku mbwa wanapokusanywa kudungwa chanjo, wangeweza kupewa pia dawa ya tegu papo hapo. Mbwa ameshaletwa, ameshashikwa, na mtaalamu yuko mbele yake. Kinachobaki ni kidonge.

Ua imara na shimo lenye mfuniko katika kila kichinjio cha soko havihitaji wafadhili wa kigeni. Vinahitaji kupangiwa fedha na kukaguliwa.

Mbwa si adui katika simulizi hili. Hulinda boma usiku na huchunga mbuzi mchana, naye hula anachotupiwa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu ni kipande cha ini kinachotupwa bila kufikiri, nao uko mkononi mwa mwenye kisu. Siku ya kuchinja itakapofika tena, shimo na lichimbwe kwanza kabla mbuzi hajalazwa, na mbwa na afungwe hadi kila kitu kibovu kiwe chini ya udongo.